Siku Moja Watamu: Tulivyovua Samaki na Kuutazama Mji wa Kale wa Gede

Sisi watu wa bara tuna mazoea ya kuitaja bahari kana kwamba twaijua. Mali ikipotea twasema imetupwa baharini, na mtu mwenye elimu nyingi twasema ni bahari ya maarifa. Lakini wengi wetu hatujapata kuyaonja maji yake hata tone moja. Wenyeji wa pwani wana methali isemayo, "Maji ya kifuu, bahari ya chungu," yaani maji yaliyomo katika kifuu cha nazi, kwa mdudu chungu ni bahari nzima. Mimi nilikuwa chungu wa namna hiyo mpaka katikati ya Januari 2025, na bahari yangu ilikuwa mfereji wa maji upitao shambani kwetu, katika miteremko ya Nyeri.

Tulisafiri watu wanne. Wa kwanza alikuwa jirani yangu, dereva mstaafu, ndiye mwenye gari. Nyuma ya gari lake alikuwa amefunga nyumba ndogo ya magurudumu, ile iitwayo karavani, aliyoinunua kuukuu akaitengeneza mwenyewe kwa muda wa miezi mingi, akatia vitanda vinne, jiko la gesi na pipa la maji. Wa pili alikuwa karani wa ofisi ya serikali, kijana mwenye maneno mengi. Wa tatu alikuwa mzee wetu wa kijiji, mkulima wa kahawa aliyetimiza miaka 74 bila kuiona bahari. Wa nne ni mimi, mkulima, na tena katibu wa chama chetu cha maji ya kunyunyizia mashamba. Naomba msomaji aikumbuke kazi yangu hiyo, maana nitairudia.

Sitaeleza sana habari za njiani, kwa kuwa barabara ya Nairobi kwenda Mombasa inajulikana na wengi. Siku ya pili tulivuka hori ya Kilifi kwa daraja lile refu lililofunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo magari yalivushwa kwa feri, na mtu aliweza kungoja kwa saa nyingi. Juu ya daraja jirani yangu alipunguza mwendo ili mzee apate kutazama. Mzee aliangalia upande wa mashariki, mahali ambapo maji ya hori yanaungana na bahari kuu, akakaa kimya kitambo, kisha akauliza, "Na ng'ambo yake iko wapi?" Karani akamjibu kwamba ng'ambo yake ni Bara Hindi. Mzee akatikisa kichwa, wala hakusema neno tena mpaka tulipofika Watamu jioni na kuiegesha karavani chini ya mivinje.

KUTOKA NA MAJI

Jioni ile ile tulipatana na nahodha mmoja, Mbajuni wa makamo, mwenye mashua ya tanga na leseni ya kuvua. Mapatano yalikuwa hivi: sisi tutalipa ujira wa chombo, na samaki watakaopatikana watagawanywa mafungu matatu, fungu moja letu, moja la mabaharia, na moja la chombo. Hii ni desturi ya zamani katika pwani, kwamba chombo nacho hupewa fungu lake kama mtu, kwa kuwa chombo nacho hula: hula mbao, misumari, kamba na mafuta ya sifa. Katika mazungumzo nahodha alitueleza bila kulalamika kwamba binti yake yuko kidato cha tatu, shule zimekwisha kufunguliwa, na karo haijatimia. Kisha akasema, "Mlale mapema, wazee wangu. Kesho maji yataanza kupwa alfajiri. Tukitoka nayo yatatubeba. Tukichelewa, tutapiga makasia mpaka mikono itoke malengelenge."

Hapo nilijifunza jambo la kwanza. Mkulima hufuata mvua, na mvuvi hufuata mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana, na siku hizo huitwa bamvua. Katikati ya bamvua mbili maji hayapandi sana wala hayashuki sana, nayo huitwa maji mafu. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji makuu na maji madogo katika pwani ya Kenya huweza kupita futi 10. Sisi tulifika siku mbili baada ya mwezi mpevu. Kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri bahari ilikuwa imejaa tele, ikaanza kurudi nyuma, na mashua yetu ikarudi pamoja nayo, ikisukumwa na umande, yaani upepo mwembamba utokao nchi kavu kabla jua halijachomoza. Hakuna aliyepiga kasia. Nahodha alikaa nyuma kwenye tezi akishika usukani, na mwanawe, kijana wa miaka kama 16, akashika demani, ile kamba ya kuongozea tanga.

Tulipopita mlango wa mwamba, mahali ambapo mawimbi huumka na kuvunjika yakawa meupe kama maziwa, karani alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Nyeri. Alikuwa amelewa bahari. Nahodha alimwambia atazame nchi kavu asitazame maji, na asione haya, maana hata mabaharia huanza hivyo.

Jambo la pili lililonistaajabisha ni namna mvuvi anavyojua mahali alipo. Majini hakuna njia wala jiwe la mpaka. Nahodha aliangalia pwani mpaka akaona mnara wa msikiti mmoja umesimama sawasawa nyuma ya mvinje mrefu. Kisha akageuza uso upande wa kusini akatafuta alama nyingine mbili zilizopangana vivyo hivyo. Mahali ambapo mistari miwili hiyo inakutana ndipo penye shamba lake. Akasema, "Hapa chini pana pima 12, na pana jiwe. Tia nanga."

Mishipi yetu haikuwa na fimbo wala gurudumu. Ilikuwa uzi mrefu wa nailoni uliozungushwa katika kipande cha ubao, wenye ndoana mbili na chubwi, yaani risasi ya kuuzamisha. Chambo kilikuwa vipande vya ngisi. Unauteremsha uzi mpaka chubwi liguse chini, unauinua kadiri ya dhiraa moja, kisha unaushika kwa kidole cha shahada na kungoja. Mzee alipenda kazi hiyo mara moja. Alisema ni kama kumshika mkono mtu aliye gizani.

MPAKA USIOONEKANA

Tulikaa hapo muda wa saa mbili, tukapata changu watano tu, na wawili kati yao walikuwa wadogo kama kiganja cha mtoto. Kijana aliwatoa ndoana polepole akawarudisha majini. Jua likapanda, na maji yakazidi kupwa. Ndipo karani, ambaye sasa alikuwa amepata nafuu, alipoona upande wa pili, karibu na nchi kavu, maji yakichemka kwa samaki, na ndege wakishuka na kupanda juu yao.

"Nahodha," akasema, "mbona tunakaa hapa penye njaa, na karamu iko pale?"

"Pale ni ndani ya hifadhi, bwana," nahodha akajibu. "Hapavuliwi."

Nieleze kidogo. Hifadhi ya bahari ya Watamu, pamoja na ile ya Malindi, zilianzishwa mwaka 1968, nazo ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari katika Afrika. Ndani ya hifadhi yenyewe mtu haruhusiwi kuvua samaki wala kuokota kombe. Huruhusiwa kutazama tu. Nje yake kuna eneo la akiba, ambamo wavuvi huvua kwa njia za asili, kwa mishipi na mitego, kwa kufuata sheria.

Karani akatazama huku na huku. "Hapana askari," akasema. "Tusogee kidogo tu, nusu saa, kisha turudi. Nani atajua?"

Naungama kwamba mimi pia nilitamani nahodha akubali. Tulikuwa tumetoka mbali, tulikuwa tumelipa, na tena nilifikiri kwamba yeye mwenyewe ana haja kuliko sisi.

Nahodha hakukasirika. Alisema, "Askari hayuko, bwana, lakini mpaka uko. Wauliza nani atajua? Mimi nitajua. Na huyu," akamwonyesha mwanawe, "atajua pia. Akijua leo kwamba baba yake huvuka na mshipi, kesho yeye atavuka na wavu."

Kisha akatuhadithia. Hifadhi ilipowekwa, yeye alikuwa hajazaliwa, lakini baba yake alikuwa mmoja wa wavuvi waliopoteza mahali pao pa kuvua. Watu walinung'unika sana. Walisema kwamba wageni wamepewa samaki wa kutazama, na wenyeji wamenyimwa samaki wa kula. Yeye mwenyewe katika ujana wake aliwahi kuvuka usiku, si mara moja. "Nilidhani namwibia serikali," akasema. Alikuja kubadili mawazo kwa kuona kwa macho yake. Mahali palipovuliwa na kila mtu kwa nyavu za macho madogo, samaki walipungua, kisha wakawa wadogo, kisha wakawa haba kabisa. Lakini wavuvi waliotega mishipi karibu na mpaka wa hifadhi bado walipata mara kwa mara chewa mkubwa au kolekole aliyetoka ndani. "Nyinyi ni wakulima," akasema. "Mna mahindi ya kula na mahindi ya mbegu. Mwaka wa njaa mbegu huonekana tamu kuliko chakula. Pale ndipo ghala yetu ya mbegu."

Mzee wetu, ambaye alikuwa hajasema neno, akaguna na kusema, "Mwenye kula mbegu hulima mara moja tu."

Karani akanyamaza. Mimi nilinyamaza zaidi.

MAJI YALIPOGEUKA

Yapata saa tano bahari ilisimama. Haikupwa wala haikujaa, na mishipi ikaning'inia wima. Nahodha aliing'oa nanga, akatupeleka mbele kidogo upande wa bahari kuu, akasema kwamba maji yakianza kujaa samaki wataanza kula, kwa sababu mkondo huwaletea chakula. Ikawa kama alivyosema. Katika muda wa saa moja tulipata changu wakubwa, kolekole wawili, na mzia mmoja mwenye meno ya kutisha. Mwisho mshipi wa mzee ulivutwa kwa nguvu hata ukamkata kidole. Akakataa kusaidiwa. Aliuvuta pole pole, akipumzika na kuvuta tena, mpaka akatokea chewa mwenye madoa, ambaye nadhani alikuwa na uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Mzee alimtazama muda mrefu. Hakupiga kelele za furaha kama sisi. Alisema tu, "Kumbe wewe ndiwe uliyenishika mkono."

Tuligeuka, na yale maji yaliyotutoa alfajiri yakaturudisha pwani. Hatukupata samaki wengi. Nilihesabu moyoni fungu la nahodha nikaona ya kuwa halikutosha karo, wala nusu ya karo. Yeye alikuwa akipiga mluzi polepole na kulikunja tanga.

Mchana tulipikiwa samaki wa kupaka, ambaye huchomwa kwanza juu ya makaa, kisha hupakwa tui zito la nazi lenye ndimu, tangawizi na pilipili, akarudishwa motoni. Wasomaji wa upande wetu wanajua kwamba wazee wa Mlima Kenya zamani hawakula samaki. Mzee alionja kidogo kwa adabu, akala tena, akamaliza sahani yote, akasema, "Basi babu zetu walitunyima!"

MJI ULIOACHWA

Alasiri tulikwenda Gede, mji wa kale uliofichwa msituni kilomita chache kutoka pwani, karibu na njia kuu ya Malindi. Serikali iliuweka chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1927, na tangu mwaka 1948 James Kirkman aliuchimba na kuuchunguza kwa miaka kadhaa. Mwezi wa Julai 2024 UNESCO iliuandika katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mji huo ulikuwa wa Waswahili. Ulizungukwa na ukuta wa mawe, na ndani ya ukuta wa nje mna ekari 45. Nyumba zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nazo zilikuwa na vyoo, mifereji ya maji machafu na visima. Kuna msikiti mkuu, jumba la mfalme, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani mwaka 1399 wa Masihiya. Nyumba nyingine zimepewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya kauri. Vyombo vya udongo vya Uchina vilipatikana pia. Basi wenyeji wa Gede walikuwa wakila katika sahani zilizotoka Uchina kabla ya Vasco da Gama kufika Malindi mwaka 1498.

Vyumba vyote ni vyembamba, na mlinzi alitueleza sababu yake. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haina urefu mkubwa. Kwa hiyo ni miti ya hori ya Mida iliyowapimia watu upana wa vyumba vyao.

Mji ulistawi sana katika karne ya 15, lakini katika karne ya 17 uliachwa, watu wakahama, msitu ukaingia. Wataalamu hutaja sababu nyingi: vita vilivyokuja kutoka kaskazini na kusini, kuja kwa Wareno na kuharibika kwa biashara, na tena upungufu wa maji. Wachimbaji waliona kwamba kisima kimoja kilikuwa kimeongezwa kina, ishara kwamba maji yalikuwa yakishuka chini. Mzee aliinama juu ya kisima kikavu, akatia jiwe dogo na kusikiliza. Lilitoa sauti ya jiwe juu ya jiwe. Akaniambia, "Katibu, hawa walikuwa matajiri kuliko sisi."

Jua lilipokaribia kutua tulikwenda Mida, tukapita juu ya daraja jembamba la mbao lililotundikwa katikati ya mikoko. Maji yalikuwa yamejaa tena, na miti ilisimama majini mpaka kiunoni. Makundi ya ndege weupe wenye migongo myeusi walikuwa wakitafuta mahali pa kulala. Hao hula kaa, nao huzaa katika fukwe za Uarabuni, kisha huja kwetu wakati wa kaskazi. Mzizi wa mkoko ni kitalu cha samaki wadogo. Wakikua hutoka kwenda mwambani. Kwa hiyo anayekata mikoko ovyo huko ndani amemwibia mvuvi aliye nje, ingawa hawajaonana.

SHAURI KWA WASAFIRI

Msomaji atakayependa kwenda na ayakumbuke mambo machache. Uliza kwanza habari za maji kujaa na kupwa, wala usitembee mbali mwambani maji yanapokuwa madogo bila mwenyeji, kwa maana hurudi upesi na kumzunguka mtu kwa nyuma. Kodi chombo chenye leseni na vazi la kuelea kwa kila mtu. Usikanyage matumbawe, wala usinunue kombe na magamba ya kasa. Huko Gede ukiona kigae chini, kiache pale pale kilipo.

Sasa narudi kwa jambo langu. Katika ukame wa mwaka 2022 maji ya mfereji wetu yaligawanywa kwa zamu, kila shamba na siku yake. Usiku mmoja ambao haukuwa zamu yangu nilifungua mlango wa maji nikanywesha kabeji zangu mpaka alfajiri. Nilifanya hivyo mara tatu. Shamba lililo chini yangu ni la mama mjane, na kabeji zake zilikauka. Alipoleta mashtaka katika mkutano, mimi katibu niliandika katika daftari kwamba maji yalipungua chanzoni. Hakuna aliyenishuku, na miaka ilipita.

Nilitamani kumwambia nahodha habari hiyo mle chomboni, lakini sikuweza. Niliwaambia wenzangu usiku ule katika karavani, taa ikiwa imezimwa. Karani hakusema kitu. Mzee alisema, "Mjane bado yuko. Daftari pia bado liko."

Tuliporudi Nyeri nilikwenda kwa yule mama kwanza, kisha mkutanoni, nikayaeleza yote na kuliomba daftari lisahihishwe. Nililipa thamani ya kabeji zake kama wazee walivyoamua, na ukatibu nikauacha, wakampa mtu mwingine. Hilo lilinichoma, tena bado linanichoma. Lakini zamu yangu inapofika, siku ya Jumatano, nafungua mlango wa maji mchana, jua likiwaka, na mama yule akipita njiani tunaamkiana.

Mzee naye ameutundika ule mshipi wake ukutani, juu ya kiti chake, pamoja na ndoana zake mbili. Mjukuu wake akimwuliza ni wa nini, humwambia anyooshe kidole na asubiri.